Pikapu ya umeme mpaka Kasigau, itafika ama ntaaibika kwa wakwe?

Baharia_Mikindani:
Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Naombeni ushauri na tafadhali msinicheke kwanza. Mwezi wa pili nlinunua pikapu ya umeme, Maxus T90 EV, dabo kebin, imetumika Uingereza ikaletwa, na hapa mjini wallahi sijajuta, Mikindani hadi bandarini kila siku, wiki nzima nachaji mara mbili tu nyumbani. Sasa mke wangu ni Mtaita wa Kasigau na mama mkwe anaezeka nyumba, nimeambiwa mimi ndiye mkwe mwenye pikapu kwa hivyo mzigo ni wangu. Simenti mifuko 12, mabati 30, tangi la lita 1000, na watu ni mimi, mke, shemeji mmoja na mtoto. Twataka kwenda mwisho wa huu mwezi wa tisa kabla mvua za vuli hazijaanza. Njia naijua mpaka Maungu ni lami, pale wakata kushoto waingia maramu mpaka Rukanga, halafu kwa mama ni mbele zaidi upande wa Bungule, huko nlienda mara moja kwa bodaboda na nlirudi na mgongo si wangu. Mawe, makorongo, na laga (mito mikavu) mbili za mchanga. Karatasi za gari zasema chaji moja ni kilomita 330. Yatosha ama natafuta balaa? Na hilo betri la chini likigonga jiwe?

DerevaWaTaru:
Kodi kanta, lile lori dogo la mizigo. Swali lingine?

BintiTudor:
@DerevaWaTaru wewe kila uzi ni kodi kanta 😂 mwache mtu asaidiwe. Kaka mimi sijui magari ya stima lakini nimeona video Wamarekani wanapeleka Rivian kwenye miamba, ile Rubicon Trail ya California, gari lapanda jiwe kama mbuzi na halitoi hata sauti. Kwa hivyo ya umeme yaweza.

Fundi_wa_Nyaya:
Dada hiyo Rivian R1T unayoiona kwa video nyingi ina mota nne, kila gurudumu na yake, na shokabu zake ni za upepo, dereva abonyeza gari lainuka. Halafu yote ni usukani wa kushoto, huku kwetu sheria hairuhusu uagize ya hivyo uiendeshe tu kama gari la kawaida. Usilinganishe na pikapu ya kubebea vitunguu.

Baharia, swali moja kabla sijaandika mengi. Gari lako ni 4x4, yaani magurudumu yote manne yasukuma?

Baharia_Mikindani:
Aliyeniuzia alisema ndio, ni pikapu kubwa ile, iko juu.

Fundi_wa_Nyaya:
Kuwa juu si 4x4 ndugu yangu. Lala chini uangalie mbele, kati ya magurudumu mawili ya mbele. Kuna shafti zinatoka katikati kwenda kwa magurudumu? Kisha rudi hapa.

Baharia_Mikindani:
Nimelala chini na kanzu ya Ijumaa mke ananiangalia dirishani. Hakuna kitu. Mbele ni patupu, mota iko nyuma na shafti zake ni za nyuma peke yake.

DerevaWaTaru:
Kodi kanta.

Fundi_wa_Nyaya:
Sawa, nlijua. T90 EV husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Huyo aliyekuuzia ama hajui ama alitaka pesa yako, hayo tuyaache. Sasa sikiza, shida yako kubwa si ile unayoiogopa. Watu wote huuliza maji na betri kugonga jiwe, na mtu hukwama kwa mchanga, gurudumu moja la nyuma lazunguka bure na lile lingine limekaa kama mgeni. Na mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu mwanzo kabisa, haingoji mzunguko upande kama dizeli, ukikanyaga kwa pupa kwenye mchanga wajichimbia kaburi kwa sekunde mbili. Mguu uwe mwepesi kama una yai chini ya kiatu.

Pili hesabu ya chaji. Betri lako ni yuniti 88 hivi (kilowati-saa, ile ile yuniti ya tokeni). Ile 330 imepimwa Ulaya, hakuna simenti. Gawanya, ni kama yuniti 27 kwa kilomita 100. Wewe na mzigo, ukienda 80 usizidi, tuseme 28. Mombasa mpaka Maungu ni kilomita 130 hivi, hapo yuniti 36. Ongeza 4 za kupanda, maana watoka baharini kwenda juu kama mita 500 na gari la tani tatu. Maramu mpaka Rukanga kilomita 30 na kitu, huko gari hula zaidi, weka 12. Umefika umetumia 52, umebaki na 36. Kurudi wahitaji 12 za maramu na 32 za lami, sababu sasa washuka na mota yarudisha kidogo, jumla 44. Umeona? Na hapo hujaenda Bungule hata mara moja, na mtu mwenye akili habakishi sifuri porini. Kwa hivyo swali si gari litafika. Litafika. Swali ni mama mkwe ana stima?

Baharia_Mikindani:
Anayo, ya tokeni. Ana taa nne, redio, na friji dogo. Fundi mashaallah umenifungua macho.

Mtaita_Halisi:
Mimi ni wa huko huko, niruhusu niseme. Mlima wetu una mita 1,641 na vijiji vitano vimeuzunguka, Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe, na kila kijiji kitakwambia barabara yake ndio mbaya zaidi 😄. Maungu hadi Rukanga usiogope, ni vumbi na makunyanzi yale ya kutetemesha meno, matatu hupita kila siku. Mbele ya Rukanga ndio kuna kazi. Maji ya mvua ya mwaka jana yamekata mifereji katikati ya njia, yaani kama wapita lazima gurudumu moja liwe juu ya tuta la katikati na lingine pembeni kabisa, ukiteleza ukaingia mferejini gari lalala na tumbo, na tumbo lako ndilo lina betri. Na ndovu wapo, hiyo yote ni njia yao kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi. Gari lako halina mngurumo, ndovu hatakusikia unakuja. Usiende usiku. Ukimkuta barabarani simama mbali, ngoja, hata saa nzima, usipige honi.

AmiKibokoni:
Mwanangu mimi nimeendesha Landrover tangu ujana wangu, mchanga wauweza kwa kumwaga upepo. Tairi ishushe mpaka 18, itakuwa pana kama mguu wa ngamia. Na mzigo wote uache, enda mtupu, mzigo uje na lori.

Fundi_wa_Nyaya:
Ami kwa heshima yako, upepo nakubaliana lakini si 18 na simenti mgongoni, tairi itang'oka kwenye rimu ama ukutani mwake ukatwe na jiwe. Nyuma asishuke chini ya 25. Na kwenda mtupu hapana, hilo napinga. Gari la kusukumwa nyuma likiwa tupu nyuma ni jepesi, halina kitu cha kulibana chini. Mifuko mitano sita ya simenti iliyolazwa juu ya ekseli ni dawa. Zaidi ya hapo ni sumu.

Na hebu mtu apige hesabu ya ule mzigo wa kwanza. Simenti 12 ni kilo 600. Mabati 30 si chini ya kilo 180. Watu wanne na mabegi, tuseme 260. Tangi na vikorokoro. Umepita kilo elfu, na elfu ndio mwisho wa lile gari, abiria wamo kwenye hesabu, watu husahau hilo.

AmiKibokoni:
Naam, umesema kweli. Zile zetu zilikuwa na difu mbele na nyuma. Nimeuondoa usemi wangu wa mtupu, wa upepo naubakisha.

KijanaWaBamburi:
Kaka si ulipeleke tu pale ufuo wa Pirates alfajiri maji yakitoka ulijaribu kwa mchanga, bure kabisa, ukikwama vijana wa ufuo wanakusukuma

Fundi_wa_Nyaya:
USIFANYE HIVYO. Mchanga mkavu wa juu sawa. Maji ya bahari na betri la umeme mbali mbali. Kule Florida mwaka 2022 kimbunga Ian kilileta bahari mpaka kwa nyumba za watu, magari ya umeme yaliyolowa maji ya chumvi mengine yakaja kuwaka moto siku nyingi baadaye yakiwa yameegeshwa tu. Maji ya mvua kwa dimbwi la kawaida ni kitu kingine, betri limezibwa, soma kwenye kitabu cha gari kina cha maji kinachoruhusiwa na usizidishe hapo.

MamaWaSpea:
Baharia mwanangu mimi nauza vyuma, sitakudanganya kwa sababu nataka pesa yako lakini pia nataka pesa yako 😅. Enda kwa mtu wa kuchomelea akutengenezee sampu gadi ya chini, bati nene, lakini AJUE pa kufunga. Asichomelee wala kutoboa popote karibu na betri, na nyaya za rangi ya machungwa asiziguse hata kwa kitambaa. Afunge kwa bolti kwenye fremu. Tuliletewa hapa gari la umeme la mtu, fundi wa jua kali alitaka kutoboa kwenye kasha lenyewe la betri, tukamnyang'anya drili.

Na ubebe waya za kuamshia betri dogo, lile la volti 12. Watu hudhani gari la umeme halina. Likifa hilo, una yuniti 80 kwenye tumbo na mlango hata haufunguki.

DerevaWaTaru:
Sasa mimi nisaidie kwa kweli. Ukikwama usikubali mtu akuvute kilomita kumi na kamba kama tunavyovutana sisi. Magurudumu ya nyuma yakizunguka yazungusha mota na mota yazalisha stima, waweza kuiunguza. Kutolewa kwa shimo mita chache gia ikiwa nyutro sawa, polepole. Zaidi ya hapo ni flatibedi, ama nyuma iinuliwe. Na flatibedi kutoka Voi mpaka Bungule utauza hilo gari ulipe. Ndio maana nlisema kanta.

Baharia_Mikindani:
Jamani nimesoma yote mara mbili. Mpango sasa: mimi nabeba simenti 6, tangi na familia. Kanta (haya @DerevaWaTaru umeshinda nusu) italeta mabati na simenti nyingine mpaka Rukanga, shemeji atatafuta trekta. Chaji nafanya usiku kwa mama. Yatosha usiku mmoja?

Fundi_wa_Nyaya:
Soketi ya kawaida hutoa kama kilowati 2.4, saa 12 ni yuniti 28 na nyingine hupotea njiani. Lala siku mbili, ule ugali wa watu. Ekstensheni iwe ya waya wa 2.5, na uikunjue YOTE, ukiiacha imejizungusha kwenye roli hupata moto mpaka plastiki iyeyuke. Friji la mama litoke kwenye hiyo laini. Na muulize shemeji kama nyumba ina athi, ule waya wa kupeleka stima ardhini ikivuja. Kebo za chaji hizi zikikosa athi hukataa, zawasha taa nyekundu basi.

Baharia_Mikindani:
Shemeji yuasema ipo.

*(siku tisa baadaye)*

Baharia_Mikindani:
Nimerudi wazima sote alhamdulillahi. Niwape habari.

Lami nlienda 75 malori yananipigia honi Mariakani yote, nikafika Maungu na asilimia 57. Fundi ulisema ntakuwa nimetumia 40, nlitumia 38. Maramu hakuna neno. Mbele ya Rukanga mke alishuka akatembea mbele ya gari ananionyesha gurudumu liende wapi, nusu saa nzima, mwendo wa mtu mzee, na hapo ndipo niliipenda hii gari, hakuna krachi ya kunuka, wagusa kidogo lasogea kidogo, wagusa kidogo lasogea kidogo. Sampu gadi ilikwaruza mara tatu, ile sauti iliniingia tumboni.

Laga ya kwanza nikapita. Ya pili nikakwama, na kosa ni langu, nliogopa katikati nikaachilia halafu nikakanyaga. Likazama mpaka kwa ekseli. Nikakumbuka yai, nikashuka garini. Tulichimba kwa sahani, tukaweka matawi na yale magunia ya sakafuni, nikashusha upepo mpaka 25, vijana wanne wa pale wakasukuma, likatoka bila kuvutwa. Nlikuwa na pampu ya kuchomeka kwa volti 12, usiende bila hiyo.

Sasa kichekesho. Kufika, nachomeka, taa nyekundu. Athi ya shemeji ilikuwa waya umefungwa kwa msumari ukutani. Nimebaki na asilimia 33, Jumamosi jioni, wakwe wote wamesimama uani wanaangalia gari kama maiti. Akaitwa fundi wa kijijini, mzee mmoja mpole, akapigilia nondo ya shaba ardhini karibu na bomba, akaunganisha, halafu akasema imwagieni maji pale chini. Mama mkwe akamwaga ndoo nzima mwenyewe. Taa ikawa kijani. Watu walipiga makofi.

Nlilala siku tatu badala ya mbili, tokeni nlinunua mimi ya elfu mbili ili pasiwe na maneno. Kurudi nikaingia Mikindani na asilimia 21.

Fundi_wa_Nyaya:
38 badala ya 40. Hiyo ni ile 75 yako. Safi sana.

DerevaWaTaru:
Na mabati?

Baharia_Mikindani:
Kanta ilipata pancha mbili, ikafika Rukanga siku moja nyuma yangu 😂

DerevaWaTaru:
Sijauliza kitu.

Mtaita_Halisi:
Huyo mzee wa athi namjua, na bei yake najua. Hujasema alikutoza nini.

Baharia_Mikindani:
Mfuko mmoja wa simenti. Nondo imebaki pale pale ardhini, Disemba twarudi kwa harusi ya shemeji.

Mtaita_Halisi:
Disemba hizo laga zina maji. Nipigie kabla hujatoka Maungu.