Arnis: urithi wa mababu wa Wafilipino, au upanga wa Mhispania?

Wakuu, heshima mbele. Desemba 2009 Ufilipino ilipitisha Sheria namba 9850, arnis, sanaa ya kupigana kwa fimbo, ikawa mchezo rasmi wa taifa. Walimu wengi wa fimbo watakusimulia kwamba sanaa hii ni ya kale, jina lake la asili ni "Kali", chifu Lapulapu aliitumia siku Magellan, nahodha wa meli za Mhispania, alipouawa kisiwani Mactan tarehe 27 Aprili 1521, halafu mwaka 1764 Mhispania akaipiga marufuku na wenyeji wakaificha ndani ya ngoma na maigizo.

Mimi naona nusu ya hadithi hiyo haina miguu. Eskrima, jina lake jingine, ni esgrima ya Kihispania, yaani mchezo wa upanga. Arnis inatoka kwenye arnés, deraya ya askari. Upanga na jambia pamoja ni espada y daga. Pigafetta, mwandishi wa safari ya Magellan aliyekuwepo Mactan, ametaja mikuki, mishale, mawe na mianzi iliyokaushwa ncha kwa moto, na jinsi wenyeji walivyolenga miguu kwa sababu haikuvaa chuma. Fimbo mbili za henzirani sizioni humo. Kwani kumpa Mhispania haki yake ni usaliti?

*

Mleta mada, hoja ya maneno ni nyepesi. Sisi tunasema meza, bendera, mvinyo, yote ya Mreno. Utadai watu wa pwani hawakujua kulewa mpaka Vasco da Gama atie nanga? Tembo la mnazi liliwangoja nani? Halafu umeiruka sinawali, ile ya fimbo mbili zinazopishana. Jina hilo ni la sawali, ukuta wa mianzi iliyosukwa. Nalo lilipanda meli kutoka Seville?

*

Dada, hapo kwenye sinawali umempata. Ila mvinyo ni neno moja, huku ni msamiati wa darasa zima. Mimi kinachonisumbua ni hiyo marufuku. Visaya, visiwa vya katikati ya Ufilipino, ilikuwa ikivamiwa kwa majahazi kutoka Mindanao na Sulu huko kusini, na mapadre ndio waliowapanga wanakijiji kujilinda. Padri Julián Bermejo alijenga minara ya ulinzi kusini mwa Cebu, kisiwa kimojawapo cha huko. Sasa mtu anayekutegemea ulinde kanisa lake atakunyang'anya fimbo?

*

Mnagombea cheti cha kuzaliwa wakati mwenye cheti anaumwa. Arnis haikuokolewa na serikali. Cebu kulikuwa na klabu ya Doce Pares tangu 1932, baadaye mwalimu Venancio Bacon akajitenga nayo, na mwaka 1952 ikazaliwa klabu ya Balintawak. Ushindani wa pande hizo mbili, pamoja na mapambano ya kuchapana kweli, ndio uliowafanya watu waendelee kunoa mbinu. Wengine waliibeba ughaibuni. Angel Cabales alifungua chuo Stockton, California, mwaka 1966, akafundisha yeyote aliyekuja, wakati kwao vijana wanakimbilia karate.

Halafu akaja mwalimu Remy Presas. Zamani ulilenga mkono ulioshika silaha, wenyewe wanasema unamng'oa nyoka meno. Vidole vilivunjika, wanafunzi wakakimbia. Presas akasema mazoezini tupige fimbo kwa fimbo. Wazee wa msimamo mkali walinuna, lakini darasa lilijaa. Leo sheria inataka arnis iwe mchezo wa kwanza kuchezwa kwenye Palarong Pambansa, michezo ya shule kitaifa. Mashindanoni utakuta kofia ngumu, fimbo zilizovishwa sponji, na pointi. Mwaka 2019 wenyeji walizoa dhahabu 14 kati ya 20 kwenye Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Huko ni kupona, au ni kitu kingine kimevaa jina la marehemu?

*

Mleta mada nimerudi. Sinawali naikubali, dada, nilipita haraka. Marufuku ya 1764 bado siinunui, mwenye waraka wa wakati ule auweke hapa tuusome. Na wewe wa mwisho, hayo ya sponji yanataka uzi wake. Ila jiulize, bila hizo kofia mwanao ungemwandikisha?