Kipindi cha zamani cha podikasti: kiachwe kilivyo, kirekebishwe au kiondolewe?

Mleta mada:

Kila tunapoulizana ni podikasti zipi zinazostahili kusikilizwa tena na tena, majibu huwa ni majina tu: huyu anataja tatu anazozipenda, yule anaongeza mbili, na mazungumzo yanaishia hapo. Leo naomba tushike jambo ambalo majina hayo hulificha. Mtu anayerudia kipindi cha zamani huamini kwamba anarudi kwenye kitu kilekile alichokisikia mara ya kwanza, ilhali mwenye podikasti anaweza kukibadilisha, kukipunguza au kukiondoa wakati wowote bila kumwambia mtu. Swali langu ni hili: je, ana haki ya kufanya hivyo?

Kwanza maelezo kidogo ya kiufundi. Programu tunazosikilizia husoma orodha inayotolewa na mwenye podikasti, na ndani ya orodha hiyo kila kipindi kina anwani ya faili la sauti lililoko kwenye seva fulani, yaani kompyuta inayohifadhi mafaili na kuyatoa kupitia intaneti. Anwani ikibaki ileile, faili linaweza kubadilishwa hata mara kumi. Tena siku hizi matangazo mengi ya biashara hupachikwa na seva wakati uleule msikilizaji anapopakua, kwa hiyo watu wawili waliopakua kipindi kimoja kwa wiki tofauti wanaweza kuwa na mafaili yasiyolingana hata urefu. Hivi karibuni nilikuwa naosha vyombo huku nikirudia kipindi cha miaka mingi iliyopita. Msimulizi alikuwa amefika kwenye maneno "ndipo mlango ulipofunguliwa na", mara ikaingia sauti changamfu kunadi huduma ambayo haikuwapo wakati kipindi kinarekodiwa, na msimulizi aliporudi alikuwa amekwisha kuingia sentensi nyingine. Mpaka leo sijui nani alifungua mlango ule. Hiyo ni kero tu, naisamehe. Linalonisumbua ni pale mkono unapofika kwenye maneno yenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba kipindi kikishatoka kibaki. Kikiwa na kosa, kosa litajwe kwa sauti mwanzoni kabisa, na kauli yenye kosa iendelee kusikika. Kipindi ninachokirudia kuliko vingine vyote kinatokana na kosa la namna hiyo. Mwezi Januari 2012, This American Life, kipindi cha redio na podikasti cha Marekani, ilitoa simulizi ya Mike Daisey, msanii wa jukwaani, kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya China vinavyounda vifaa vya Apple. Ilipakuliwa mara 888,000, ikavipita vipindi vyote walivyokuwa wamewahi kutoa. Ndipo mwandishi wa habari Rob Schmitz alipomtafuta mkalimani aliyefuatana na Daisey huko Shenzhen, na mkalimani akakanusha mambo kadhaa ambayo Daisey alidai kuyaona kwa macho yake. Mwezi Machi, mtangazaji wake Ira Glass na wenzake walitumia kipindi kizima kuikana simulizi waliyoitoa wenyewe.

Anayetaka kujua kwa nini kipindi hicho hakichoshi, asikilize sehemu ambayo Glass anamhoji Daisey. Swali linaulizwa, halafu kimya. Unafikiri simu imezima. Unasikia pumzi, kiti kinalia kidogo, kimya tena, kisha jibu linaanza na kukatika kabla ya kufika popote. Mhariri wa kawaida angekata kimya kile kwa sababu tangu enzi za redio wanafundishwa kwamba kimya ni aibu. Wao walikiacha chote, na mara ya tatu nilipokisikiliza niligundua kwamba nilikuwa nimezuia pumzi yangu mwenyewe. Hata hivyo, pamoja na uungwana huo, waliondoa sauti ya kipindi cha Januari kwenye tovuti yao wakabakiza maandishi yake. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwa kuwa anayesikia kukanusha bila kusikia kilichokanushwa hawezi kuelewa jinsi watu wengi namna ile, wakiwemo wenye akili zao timamu, walivyoshawishika. Maandishi hayawezi kuonyesha jinsi sauti ya Daisey ilivyokuwa tamu.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, hoja yako ni nzuri, lakini umechagua mfano rahisi, ambao mwenye hatia ni mtu aliyepanda jukwaani kwa hiari yake. Naomba tuangalie podikasti ambayo pengine imerudiwa kusikilizwa kuliko nyingine yoyote ya aina yake, nayo ni msimu wa kwanza wa Serial, vipindi 12 alivyosimulia Sarah Koenig mwaka 2014 kuhusu mauaji ya Hae Min Lee, msichana wa shule aliyeuawa Baltimore mwezi Januari 1999, na kuhusu Adnan Syed, aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo mwaka 2000. Vipindi vilikuwa vikitoka huku uchunguzi ukiendelea, na hilo lilikuwa sehemu ya mvuto wake: msimulizi mwenyewe hakujua mwisho.

Sasa fikiria mtu anayeisikiliza leo kwa mara ya kwanza, au ya nne. Mwezi Septemba 2022 jaji alifuta hukumu na Syed akatoka gerezani. Mwezi Machi 2023 mahakama ya rufaa ya Maryland ikairudisha hukumu hiyo, kwa sababu kaka wa marehemu hakupewa taarifa ya kutosha ili ahudhurie shauri. Mwezi Agosti 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaunga mkono uamuzi huo. Mwezi Machi 2025 jaji mwingine akapunguza adhabu iwe sawa na muda ambao Syed alikuwa amekwisha kuutumikia, kwa hiyo yuko huru na hukumu ya hatia imebaki palepale. Wenye Serial walitoa kipindi kipya mwaka 2022 alipoachiwa, na hilo ni jambo jema, lakini anayebofya kipindi cha kwanza hukutana na dunia ya 2014, akaanza kupima nani mkweli na nani mwongo kana kwamba hakuna kilichotokea tangu wakati ule.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Wewe unaporudia, unarudia kimya cha Daisey. Anayerudia Serial anarudia kifo cha binti wa watu, mara nyingi akiwa kwenye mazoezi au foleni, kwa sababu simulizi imesukwa vizuri. Familia yake haikuomba kuwa burudani ya wageni kwa zaidi ya miaka kumi. Sisemi Serial ifutwe, kwa maana ni kazi ya uandishi na imezaa mambo ya kweli mahakamani. Nasema kanuni yako ya "kikishatoka kibaki" imetungwa na mtu anayemfikiria msikilizaji peke yake. Wapo watu ndani ya vipindi hivi ambao hawakusaini chochote.

Mchangiaji wa pili:

Naona tunajadili uandishi wa habari kana kwamba podikasti zote ni za uchunguzi. Mimi ninazozirudia ni za maarifa, na huko mambo ni tofauti kabisa. The History of Rome ya Mike Duncan ilianza mwaka 2007 na kukamilika mwaka 2012 kwa vipindi 179. Ukianza mwanzo, sauti ni hafifu na msimulizi anasoma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Ukifika kwa kaisari Diocletian unamsikia mtu aliyekwisha kujiamini, anayejua wapi aweke mzaha na wapi anyamaze. Nimeisikiliza yote mara mbili na nusu. Kama angerudi kurekodi upya vipindi vya mwanzo ningemshukuru kwa ajili ya masikio yangu, ila ningekosa kusikia mtu akijifunza kazi yake hadharani.

Vivyo hivyo In Our Time ya BBC, iliyoanzishwa na Melvyn Bragg mwaka 1998, ambamo wataalamu watatu huketi mezani kujadili mada moja. Kipindi cha falsafa ya kale hakichakai. Kipindi cha elimu ya anga kilichorekodiwa miaka 20 iliyopita kinaweza kuwa na jambo ambalo wataalamu walewale wasingelisema leo, na hakuna aliyedanganya. Je, nalo liwekewe onyo mwanzoni? Nadhani tarehe ya kipindi inatosha, ilimradi itajwe kwa sauti na isibaki kufichwa kwenye maelezo ambayo hakuna anayeyasoma. Kuhusu haki ya kubadilisha, mwandishi wa kitabu hutoa toleo la pili na hakuna anayemlaumu. Sioni kwa nini mwenye podikasti azuiwe.

Mleta mada:

Toleo la pili la kitabu huandikwa "toleo la pili", ndugu yangu, na la kwanza hubaki kwenye rafu za walionunua. Hiyo ndiyo tofauti yote ninayoililia.

Mchangiaji wa tatu:

Msisahau sababu ya kawaida zaidi ya vipindi kutoweka, ambayo ni biashara. Dan Carlin huondoa vipindi vya zamani vya podikasti yake ya historia, Hardcore History, kwenye orodha ya bure na kuviuza kwenye tovuti yake. Simlaumu, kipindi kimoja chake huweza kuchukua saa nne na zaidi, na mtu lazima ale. Tofauti ni kwamba anafanya waziwazi na kila anayetaka anajua pa kuvipata. Kuuza kwa uwazi si kufuta.

Mchangiaji wa nne:

Mimi nataka kupinga sehemu moja tu ya pendekezo la mleta mada, ile ya kusahihisha mwanzoni mwa kipindi, kwa sababu mimi ni ushahidi wa kwamba haitoshi. Mwaka 2018 gazeti la The New York Times lilitoa Caliphate, mfululizo uliotegemea kwa kiasi kikubwa maelezo ya Mkanada mmoja aliyedai kwamba alikuwa mpiganaji wa Dola la Kiislamu huko Syria. Mwaka 2020 polisi wa Kanada wakamfungulia mashtaka ya kuzusha uongo kuhusu ugaidi, na mwezi Desemba gazeti likakiri kwamba mfululizo huo haukufikia viwango vyake, likaweka maelezo ya wahariri na kurudisha tuzo ya Peabody, ambayo ni tuzo ya utangazaji ya Marekani, ambayo mfululizo ulikuwa umepata.

Vipindi hivyo nilivipakua vilipotoka nikavihifadhi kwenye simu, kwa kuwa nilivipenda mno. Nilivirudia mwaka 2021 tangu mwanzo hadi mwisho, na nikamsimulia rafiki yangu yale ya kutisha kwa uhakika wa mtu aliyekuwapo. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba gazeti lilikuwa limekiri kosa. Faili lililokwisha kupakuliwa halijisahihishi lenyewe, na onyo linaloongezwa kwenye seva halimfikii mtu ambaye programu yake haina sababu ya kupakua upya. Kwa maneno mengine, marekebisho yanamfikia mgeni, wakati mpenzi wa podikasti, yule hasa anayerudia tena na tena, anabaki na uongo wake mfukoni.

Kama This American Life walivyotoa kipindi kizima cha kukana, kilichoingia kwenye orodha ya kila msikilizaji kama kipindi kingine chochote, ndivyo ingepaswa kuwa kwa wote.

Mleta mada:

Nakubali, na namshukuru mchangiaji wa nne kwa sababu amenionyesha nilichokipenda katika mfano wangu bila mimi kukitambua. Nilidhani napenda kukanusha kwao, kumbe nilipenda kwamba kulikuja kwenyewe hadi sikioni mwangu. Kwa hiyo narekebisha pendekezo langu: kosa kubwa litangazwe kwa kipindi kipya kinachosimama peke yake, pamoja na onyo kwenye kipindi cha awali. Kosa dogo, kama tarehe iliyokosewa, lipewe sentensi moja katika kipindi kinachofuata.

Kwa mchangiaji wa kwanza sina jibu zuri kiasi hicho. Nikisema sauti zote zibaki, natetea kumbukumbu. Lakini kumbukumbu hiyo imejengwa kwa sauti, majina na hata machozi ya watu ambao hawakuulizwa. Niko tayari kukubali kwamba mtu wa kawaida aliyetajwa kipindini bila ridhaa yake, asiye na wadhifa wala tuhuma yoyote, aweze kuomba jina au sauti yake iondolewe, na mwenye podikasti aseme wazi kwamba kuna kitu kimeondolewa dakika fulani. Pengo linalotangazwa naweza kulivumilia. Ila mtuhumiwa, shahidi na msimulizi wabaki.

Mchangiaji wa kwanza:

Kwa shahidi sikubaliani nawe. Katika Serial, shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa kijana wa umri unaokaribiana na wa Syed, aliyekataa kurekodiwa alipohojiwa na Koenig, lakini sauti yake tuliisikia kutoka kwenye kanda za polisi na za mahakamani. Ni kumbukumbu za umma, kweli. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kanda iliyolala katika kabati la mahakama na kanda inayosikilizwa na mamilioni wakiwa njiani kwenda kazini, wakimwita mwongo kwa jina lake. Kabla ya kumhukumu abaki, nirudie swali lako la kwanza kwa kuligeuza: tumemuuliza nani kama na sisi tuna haki ya kurudia?