Nimeitwa Denmark kufundisha ngoma, nifundishe nini na nidai nini?

MtotoWaNewala:
Wakuu habari za leo. Mimi ni mchezaji na mwalimu wa ngoma, nimesoma chuo cha sanaa Bagamoyo ila sindimba, ngoma yetu Wamakonde, nilianza kuicheza kwetu Newala kabla hata sijajua kama kuna chuo. Sasa kuna shule moja ya watu wazima Denmark, zile za bweni ambazo watu wanakaa wanasoma muziki na ufundi bila mitihani, wameniita nikafundishe majira yao ya joto. Wameandika wanataka "dansi ya Kiafrika" basi, hawajasema ngoma gani wala ya wapi. Tiketi, chakula na malazi juu yao ila malipo hakuna, wanasema huu ni mpango wa kubadilishana utamaduni. Mama mdogo naye kaja juu, anasema viuno vya sindimba ni mambo ya unyago siwezi kwenda kuwaonyesha watu baki. Nataka kwenda jamani, moyo unataka kabisa, ila niende vizuri. Mliowahi kufundisha nje, mnaanzaje na mtu ambaye hajawahi hata kusikia ngoma ikipigwa? Na hili la malipo mlilimalizaje?

Chapuo_Hamburg:
Hongera sana mdogo wangu. Mimi niko Hamburg nafundisha jioni, wanafunzi wangu wengi ni Wajerumani watu wazima, manesi, walimu, wametoka kazini wamechoka lakini wanakuja. Ukifika tu funika vioo. Studio zao zina kioo ukuta mzima na mtu akishajiona anaanza kujikagua mguu umekaaje, wakati ngoma inachezwa kwa kumwangalia mwenzako na kumsikiliza mpigaji. Halafu usiwahesabie. Watakuomba uwahesabie moja mpaka nane, wamezoea hivyo, na ukiwapa hiyo hesabu umewapoteza kwa sababu ngoma kubwa inatoa mlio wa kubadilisha wao bado wako sita wanasubiri nane ifike. Somo la kwanza mimi hatuchezi kabisa. Tunaimba, naanzisha wanaitikia, halafu makofi, nusu yao wanapiga ya mbili na nusu ya tatu mpaka yakae pamoja, halafu wanatembea tu kwa duara huku wanaimba na mguu unakuja wenyewe. Njuga nawafunga baadaye na hapo ndio raha, maana mtu akiwahi kila mtu anasikia, na wakipatia ukumbi wote unalia mguu mmoja.

Kingine ngozi. Unyevu wa huku unailegeza ngoma inalia kama boksi. Nyumbani unaiotesha moto kidogo inakaza, huku huwezi kuwasha moto ndani ya jengo, kwa hiyo tembea na drayer ya nywele, ipitishe taratibu kuanzia pembeni kuja katikati na usiisogeze karibu sana, na ikilegea katikati ya somo unarudia wakati wao wanakunywa maji.

BiMkubwa_Pwani:
Mwanangu, mama mdogo wako msikilize, ana hoja. Sindimba ilishapandishwa jukwaani zamani, toka kile kikundi cha taifa cha ngoma cha miaka ya 60, kabla hata Chuo cha Sanaa Bagamoyo hakijaanza 1981, na ubishi wa viuno ulikuwepo tangu enzi hizo. Kwa hiyo kucheza mbele ya wageni si jambo jipya. Kinachobaki cha ndani ni nyimbo za mafunzo na yale mwali anayofundwa, hayo usiyapeleke, iwe Denmark iwe Dar. Kaa na mama mdogo na makungwi wa kwenu wakuambie wimbo upi unatoka na upi hautoki, uende na jibu lao.

Na hiyo "dansi ya Kiafrika" ikatae kwa upole. Waandike sindimba, ngoma ya Wamakonde, kusini mwa Tanzania. Marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu, alizunguka Ulaya na zeze na ilimba, kile kinanda cha vidole, na kote huko alikwenda kama Mgogo. Ukifundisha kiuno bila wimbo, bila kusema inachezwa lini na nani, umewapa mazoezi ya viungo tu. Mwalimu Nyerere mwaka 1962 aliuliza ni wangapi kati yetu wanajua ngoma zetu kama gombe sugu au lelemama wakati rumba na chachacha tunazicheza, na mimi swali hilo bado linaniuma, kwa hiyo kabla ya kupanda ndege fundisha na watoto wa mtaani kwako, usiwaruke.

Murundi_wa_Liège:
Naongezea toka kwetu Burundi. Ngoma zetu za kifalme UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni 2014, halafu 2017 ikatoka amri wanawake wasipige na vikundi viombe kibali vikitaka kupiga nje ya sherehe rasmi. Mimi nafundisha Ubelgiji na wanawake wanakuja wengi wanataka kupiga. Siku ya kwanza nawaeleza mambo yalivyo nyumbani, wengine wanakasirika kweli, tunabishana mpaka kahawa inapoa, na hapo nawapa mfano wa Wagogo ambao wanawake ndio wanapiga ngoma ya muheme wameibana mapajani. Usikwepe maswali kama hayo, wanafunzi wangu wameielewa Burundi kupitia ubishi huo.

MkatabaKwanza:
Mkuu, shule inachukua ada kwa wanafunzi halafu mwalimu analipwa wali na kitanda? Hapana. Omba posho na mkataba, idadi ya masomo kwa siku iandikwe, na nani anamiliki video watakazorekodi. Kama kweli ni kubadilishana basi na wao walete mtu, zile programu za Norec, shirika la Norway la kubadilishana watu, vijana wanakwenda pande zote mbili. Makaratasi: viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, ni siku 90 ndani ya siku 180, bima ya safari isipungue euro 30,000, na uliza ubalozi kwa maandishi kama kufundisha kunahitaji kibali cha kazi, hata kama hulipwi. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, pia pita mapema.

MtotoWaNewala:
Asanteni sana, mmenisaidia mno. Nimeshawaandikia leo: jina la ngoma libadilishwe, posho iwepo, mpigaji wa pili aje nami, na mwakani mwalimu wao mmoja aje Newala atufundishe ngoma za kwao. Mama mdogo nakwenda kumuona Jumamosi. Swali dogo, ngoma nibebe au nitafute hukohuko?

Chapuo_Hamburg:
Kubwa beba, mlio wake hutaupata huku. Ulizia forodha mapema kuhusu ngozi, na njuga weka kwenye begi kubwa la chini, usizipeleke kwenye mashine ya ukaguzi na begi la mkononi.