Tupeane uzoefu: Kuchagua pedali za gitaa ukiwa mtu mzima unayepiga kwa mapenzi tu

Mstaafu wa Shangani, Mtwara

Ndugu zangu wapiga gitaa wa Kusini, salaam. Baada ya kustaafu nimelirudia gitaa la umeme ambalo kazi na malezi vilinifanya niliweke kando kwa miaka mingi. Jioni hupiga nyumbani, na Jumamosi hukutana na wenzangu wachache wa rika langu tukapiga dansi ya zamani, yaani rumba na zile nyimbo zenye sebene refu. Gitaa ninalo, amplifaya ndogo ninayo, na sasa nataka pedali, yaani vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha mlio wa gitaa.

Maelezo ya pedali hayakosekani, lakini mengi yameandikwa kwa ajili ya kijana anayepiga roki, anayeishi katika mji wenye duka la kujaribia kila kisanduku kabla ya kulipa. Sisi wa Mtwara na Lindi vifaa vya namna hii huagiza Kariakoo, vikapakiwa kwenye basi na kusafiri mamia ya kilomita, hivyo mtu hulipa kabla hajasikia mlio. Kwa sababu hiyo uzoefu wa mwenzako aliyetangulia una thamani kubwa kuliko tangazo lolote.

Naomba kila mmoja aeleze alianza na pedali ipi, alikuwa akitafuta nini katika muziki wake, na umri wake umemlazimu kuzingatia nini ambacho kijana hakihitaji. Msimamo wangu ni kwamba pedali huchaguliwa kwa kutazama kwanza nafasi yako ndani ya wimbo, kama unapiga solo, rithimu au besi, kisha ndipo utazame sanduku lenyewe. Anayeona tofauti aseme bila kusita.

Mpiga Solo wa Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Ninapiga solo, na kwa muziki wa aina yetu pedali yangu ya kwanza ilikuwa dilei, yaani ya kurudia sauti kama mwangwi. Katika rumba gitaa hulia safi bila kukwaruza, na kinachoipa noti uhai ni mwangwi mwepesi unaoifuata nyuma, ili noti fupi ya kudonoa isikatike ghafla kabla haijamfikia msikilizaji. Zamani mwangwi huo ulitoka kwenye mashine nzito za utepe kama Roland RE-201 ya mwaka 1974, ambamo utepe wa sumaku ulizunguka mbele ya vichwa vya kunasia na vya kusomea. Mwaka 1983 kampuni ya Boss ilitoa DD-2, dilei ya kidijitali iliyoingia katika kisanduku kidogo cha kukanyagwa kwa mguu, na leo kazi hiyohiyo inafanywa na pedali za kampuni nyingi na za bei tofauti sana. Hivyo usikubali kuambiwa kwamba bila jina fulani hutapata sauti unayoitaka.

Kinachotenganisha dilei nzuri na kero ni namna unavyoipanga. Chukua 60,000, ugawe kwa idadi ya mapigo ya wimbo katika dakika moja, utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wenye mapigo 120 utakupa 500. Wakati wa sebene mimi huweka robo tatu ya hapo, yaani 375, kwa sababu mwangwi huo hudondoka katikati ya noti zangu badala ya kuzikanyaga, na gitaa moja linaanza kusikika kama watu wawili wanaojibizana. Wakati mwimbaji anaimba ninashusha hadi karibu milisekunde 100 na rudio moja tu, ili gitaa linenepe bila kumwingilia. Kwa kuwa bendi ya watu wa rika letu haishiki mwendo mmoja kama mashine, ninasisitiza ununue dilei unayoweza kuigongea mapigo kwa mguu ikafuata mwendo wenu. Jambo hilo hutajwa kwenye maelezo ya kifaa, na linaweza kuthibitishwa kwa simu kabla ya kutuma fedha.

Pedali yangu ya pili ni koras. Hutengeneza nakala ya sauti yako, ikaichelewesha kwa milisekunde chache, na muda huo wa kuchelewa hupanda na kushuka taratibu, hivyo sauti ya nakala huwa nyembamba kidogo kisha nzito kidogo. Ikichanganywa na sauti ya asili unasikia kama magitaa mawili yanayokaribiana sana. Ilianza ndani ya amplifaya ya Roland JC-120 mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikatolewa peke yake kama Boss CE-1. Kwa kundi lenye magitaa mawili tu, koras kwenye rithimu huziba nafasi ya yule wa tatu aliyekosekana. Lakini mkubaliane nani aiwashe, kwa maana magitaa yote mawili yakiwa na koras maneno ya wimbo hupotea.

Ovadraivu na distosheni, pedali za kuikwaruza sauti, sikununua. Sizidharau, ila katika nyimbo tunazozipenda hazina kazi.

Mama wa Kwaya, Masasi

Salamu kwenu nyote. Nina miaka 58, ninapiga rithimu katika kwaya, na nina maoni tofauti kidogo na ya kaka wa Mikindani. Ushauri wa kununua pedali mojamoja unamfaa mtu anayejua tayari sauti anayoitafuta. Mimi nilikuwa ninajifunza masikio yangu yanapenda nini, kwa hiyo nilichukua kisanduku kimoja chenye efekti nyingi, Zoom G1 Four, ambacho kinaweza kuunganisha efekti hadi tano kwa wakati mmoja, kina tyuna ya kupatanisha nyuzi, kina ngoma za kufanyia mazoezi, na kina tundu la hedifoni. Hilo la hedifoni ni jambo kubwa kwa mwanamke mwenye wajukuu wanaolala saa mbili usiku. Kinatumia adapta au betri nne ndogo za AA, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya mazoezi ninaendelea na hedifoni zangu.

Ugumu wake niutaje wazi. Kioo ni kidogo, maandishi ni madogo zaidi, na mtu anayehitaji miwani ya kusomea hawezi kutafuta sauti huku anapiga. Nilichofanya ni kuhifadhi sauti chache tu tunazozitumia ibadani, nikazipanga kwa mfuatano wa nyimbo, na majina yake nikayaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ninayoibandika kwenye stendi ya daftari. Mguu unabonyeza, jicho linabaki kwa mwalimu wa kwaya.

Tena, wapendwa, tuangalie magoti. Kupanga pedali sakafuni kunahitaji kuinama na kuinuka mara nyingi. Nyumbani kisanduku changu kinakaa juu ya kigoda kando yangu, ninakirekebisha kwa mkono nikiwa nimekaa, na kinashuka sakafuni sauti ikishakamilika. Kwenye pedali za vitufe vya kuzungusha unaweza kutia alama kwa rangi ya kucha mahali unapopapenda, ukaiona alama hiyo hata kwenye mwanga hafifu.

Fundi wa Lindi Mjini

Wazee wangu shikamooni. Kazi yangu ni kutengeneza redio, amplifaya na vifaa vya muziki, na naomba niseme juu ya umeme na chumvi, kwa kuwa pedali nyingi zinazofika mezani kwangu zimeletwa na mambo hayo mawili.

Pedali nyingi zinatumia volti 9 za mkondo mnyoofu, na plagi yake ina hasi katikati na chanya pembeni, kinyume cha adapta nyingi za vifaa vingine vya nyumbani. Adapta inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu na bado ikaiua pedali kwa sababu pande zimegeuka, au kwa sababu inatoa volti 12 badala ya 9. Chini ya kila adapta kuna mchoro mdogo unaoonyesha upande wa hasi na wa chanya. Ulinganishe na ule uliochapwa karibu na tundu la pedali, na kama macho hayaoni vizuri mwite kijana akusomee. Kisha tazama miliampia, yaani kiasi cha mkondo wa umeme ambacho pedali inahitaji. Koras au ovadraivu ya analogi mara nyingi haizidi 20 au 30, lakini dilei na rivabu (pedali ya mvumo kama wa ukumbi mkubwa) za kidijitali huhitaji 50, 100 na wakati mwingine 300. Jumlisha mahitaji ya pedali zako zote, na adapta iwe na uwezo zaidi ya jumla hiyo. Uwezo ukizidi hauna madhara, kwa sababu pedali huchukua kiasi inachohitaji tu; volti ndizo zisizoruhusiwa kuzidi zilizoandikwa kwenye pedali.

Ukichanganya dilei ya kidijitali na pedali za analogi kwenye adapta moja yenye waya wa matawi, mara nyingi utasikia mlio mwembamba au mvumo nyuma ya gitaa. Adapta yenye matundu yaliyotenganishwa kila moja peke yake huondoa tatizo hilo. Kwa mzee anayepiga sauti safi, ninamshauri anunue adapta ya aina hiyo hata kama itabidi pedali moja isubiri, maana gitaa safi halina pa kuuficha mvumo. Kwa anayetumia betri, ni vizuri ajue kwamba katika pedali nyingi betri huanza kuliwa mara tu unapochomeka kebo kwenye tundu la kuingizia, hata kama taa haijawaka. Mkimaliza kupiga, chomoeni.

Sasa chumvi. Nyumba zetu za pwani, Lindi, Mikindani hadi Kilwa, zina hewa yenye unyevu na chumvi mwaka mzima, iwe kusi iwe kaskazi. Dalili za kwanza ni tundu linalokatakata sauti ukiigusa kebo, na kitufe kinachokwaruza ukikizungusha. Kwa hiyo unapochagua, hasa pedali iliyokwisha tumika, mwambie muuzaji aiwashe mkiwa kwenye simu ya picha, azungushe kila kitufe polepole huku gitaa linalia, na aitikise plagi. Ikifika nyumbani ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu au mabegi. Plagi zisafishwe mara kwa mara kwa kitambaa chenye spiriti. Mafuta ya kupikia, ambayo nimeona watu wakiyatumia, yanashika vumbi na kuharibu zaidi.

Rithimu ya Nachingwea

Mimi nina pedali moja, kompresa, na imenitosha. Vidole vyangu vina baridi yabisi, hivyo kuna nyuzi ninazozipiga kwa nguvu na nyingine kwa unyonge bila kutaka. Kompresa hushusha zile zilizozidi na kuinua zile hafifu, na rithimu inakwenda sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Iwekeni kiasi, kwa sababu ikizidi huinua pia mvumo wote uliokuwa umejificha.

Muuguzi Mstaafu, Newala

Nimefurahi kusoma kuhusu macho, magoti na vidole. Naongeza sikio. Kadiri umri unavyosogea, usikivu wa sauti nyembamba za juu ndio hupungua kwanza, taratibu sana kiasi kwamba mwenyewe hatambui. Mpigaji wa umri wetu akipanga pedali peke yake huongeza trebo hadi asikie anachokikumbuka, na wasikilizaji vijana hujikuta wakichomwa masikio. Katika kundi letu huwa tunamwomba binti mmoja wa miaka ishirini na kitu asimame mwisho wa ukumbi atuambie kama gitaa linauma, na tunamsikiliza. Kwa sababu hiyo ninapendelea pedali yenye kitufe chake cha toni kuliko isiyokuwa nacho.

Ukubwa wa sauti nao una mipaka. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanapendekeza mtu asizidi saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo upungue kwa nusu. Kwa desibeli 94 inabaki saa moja tu. Ubora mmoja wa dilei, koras na kompresa, ukilinganisha na kufungua amplifaya hadi mwisho, ni kwamba zinalijaza gitaa bila kulazimika kulipaza. Tumebakiwa na usikivu wa kutosha kuufurahia muziki, basi tuulinde.

Mstaafu wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru sana nyote. Nimeamua kuanza na dilei yenye kugongewa mapigo, pamoja na adapta ya matundu yaliyotenganishwa kama alivyoshauri fundi. Kuhusu koras nitazungumza kwanza na mwenzangu wa rithimu, kwani ninaona imfae yeye zaidi kuliko mimi. Kwa kaka wa Mikindani nina swali moja: amplifaya yangu nikiifungua kupita nusu huanza kukwaruza yenyewe. Je, dilei ikiwa mbele yake itasikika vizuri?

Mpiga Solo wa Mikindani

Mzee, hapo itachafuka, kwa sababu mwangwi utaingia kwenye amplifaya pamoja na noti mpya na vyote vitakwaruzwa kwa pamoja. Tazama nyuma ya amplifaya yako kama kuna matundu mawili yaliyoandikwa Send na Return. Yakiwapo, toa kebo kwenye Send uipeleke kwenye tundu la kuingilia la dilei, kisha kutoka kwenye dilei irudi Return, na kama mkwaruzo unatokea hatua ya mwanzo ya amplifaya, mwangwi utaongezwa baada yake. Yasipokuwapo, shusha sauti ya amplifaya hadi ilie safi, na kama Jumamosi haitoshi kwa ngoma na besi zenu, waombe wenzako waweke maikrofoni mbele ya spika yako iende kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Mpangilio ukishaongezeka, kompresa itangulie, koras ifuate, dilei iwe ya mwisho.