Mita mbili, risista moja, majibu mawili. Na hii grafini inaingiaje hapa?

fundi_mafinga
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi wa vipimo kwenye kiwanda cha chai huku Mufindi, nahangaika na joto la drayeri, mashine ya kukaushia chai. Sensa zetu za kupima joto ni Pt100, ile ya platinamu ambayo kwenye digrii sifuri ina ohm 100 (ohm ni kipimo cha ukinzani, yaani kitu kinavyouzuia umeme) na kila digrii inayopanda inaongeza kama ohm 0.385. Sasa nimechukua risista ya ohm 100 nikaipima kwa mita yangu ikasoma 100.3, nikaazima mita ya fundi mwenzangu ikasoma 99.8, risista ni ileile, meza ni ileile. Nusu ohm kwenye sensa ni digrii moja na zaidi, na mimi nataka nikiandika kwenye daftari la zamu kwamba drayeri ina joto fulani iwe ni hilo kweli.

Kuna kijana yuko field hapa kwetu kasema siku hizi huko duniani ohm inatolewa kwa grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, na kwamba jibu lake halibadiliki hata upime leo au mwaka kesho. Naomba mnieleweshe hiyo kitu inafanyaje kazi, na kati ya hizi mita mbili ipi inasema kweli?

mnyalu_kihesa
Kamwene fundi. Hapo hakuna mita inayodanganya. Soma kijitabu chake kwenye upande wa ohm, mita nyingi za mkononi zinaandikwa kitu kama asilimia 0.8 juu au chini, ukiongeza na dijiti kadhaa za mwisho. Kwa ohm 100 maana yake mita ina ruhusa ya kusoma kuanzia 99.2 mpaka 100.8 na bado ikahesabika nzima. Ni kama mizani mbili za viazi pale Makambako, ukizipambanisha zenyewe kwa zenyewe utabishana mpaka jioni, unachohitaji ni jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Wewe huna jiwe, una mizani mbili tu.

Sasa hilo jiwe la ohm limetoka wapi ndo hadithi yenyewe. Zamani maabara kubwa zilikuwa zinatunza risista za waya zilizotengenezwa kwa uangalifu mno, zinawekwa kwenye mafuta yenye joto lisilobadilika, lakini waya ni waya, unazeeka, na risista ya nchi hii ikawa inaachana kidogo kidogo na ya nchi ile. Mwaka 1980 Mjerumani Klaus von Klitzing akiwa Grenoble, Ufaransa, alikuwa anapima kipande cha silikoni ndani ya sumaku kali na baridi kali, akaona ukigawanya volti ya kukata upana wa kipande kwa mkondo unaopita kwa urefu, jibu halipandi kwa mteremko, linapanda kwa ngazi, na kila ngazi ni ohm 25,812.807 ukigawanya kwa namba kamili, moja, mbili, na kuendelea. Akapewa Nobel mwaka 1985. Uzuri wake ni kwamba ngazi haijali kipande kina upana gani wala kimetengenezwa na nani, inategemea vitu viwili tu, namba ya Planck, ile ya kudumu ya fizikia ya vitu vidogo kabisa, na chaji ya elektroni. Na tangu tarehe 20 Mei 2019 hizo namba mbili zimefungwa kabisa kwenye vipimo vya kimataifa, kwahiyo ohm haikai tena kwenye kabati la mtu yeyote.

fundi_mafinga
Asante sana mwalimu, hapo nimeelewa. Lakini kama ngazi zilionekana kwenye silikoni tangu 1980, grafini ya nini tena?

mnyalu_kihesa
Swali zuri sana hilo. Baada ya silikoni watu walihamia kwenye galiamu aseniadi, semikondakta nyingine, na imefanya kazi miaka mingi, ila masharti yake ni magumu: sumaku ya kama tesla 10 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), baridi ya kelvini 1.5 au chini ya hapo, yaani zaidi ya digrii 271 chini ya sifuri, ambayo inadai heliamu ya kimiminika na pampu juu yake, na mkondo mdogo wa maikroampea makumi tu. Maabara zenye uwezo huo ni chache na heliamu ni ghali.

Grafini ilitengwa Manchester mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov, wakapata Nobel 2010. Elektroni ndani yake zinakwenda kana kwamba hazina uzito, kwahiyo ukiiweka kwenye sumaku ngazi za nishati (si zile za ohm, ni hatua za nishati ambazo elektroni zinaruhusiwa kukaa) zinaachana mbali sana kuliko kwenye galiamu aseniadi. Kwa tesla 5 nafasi ya kwanza ni pana karibu mara tisa. Nafasi ikiwa pana, joto haliwezi kuzirusha elektroni kutoka ngazi moja kwenda nyingine kirahisi, na hapo ndo unapata nafuu: tesla 5 inatosha, kelvini 4 inatosha, na mkondo unaweza kupitisha maikroampea mamia. Kelvini 4 bado ni digrii 269 chini ya sifuri, lakini friji inayozungusha gesi yake yenyewe inaifikia kwa umeme wa ukutani bila mtu kumimina heliamu. Mtambo unakaa kwenye chumba cha kawaida. Kwa nchi kama zetu hilo ni jambo kubwa jamani, maana ohm ya uhakika inaanza kuwa kitu ambacho hata maabara isiyo tajiri inaweza kuwa nacho ndani badala ya kusafirisha risista ng'ambo.

iyunga_boy
Samahani wakubwa zangu naomba kuuliza, nimesoma kwamba waliitoa kwa selotepu kwenye grafaiti, je sisi hapa chuoni Mbeya tukichukua penseli na selotepu si tunaweza kutengeneza hiyo ohm?

mnyalu_kihesa
Mdogo wangu, grafini ya selotepu mnaweza kuipata kweli na kuiona kwa hadubini, jaribuni tu, ni somo zuri. Ila vipande vyake ni vidogo sana, na kwa kupima ohm unataka kipande kikubwa cha kubeba mkondo mwingi. Kwa kazi hii wanachukua kipande cha silikoni kabaidi wanakipasha moto zaidi ya digrii 1,600, silikoni inatoka juu kama mvuke, kaboni inabaki na kujipanga yenyewe kuwa utando mmoja. Halafu hata hapo kazi haijaisha, grafini ikikaa wazi hewa na unyevu vinaigusa na idadi ya elektroni inabadilika, kwahiyo lazima ilindwe, na zile nukta za kuungia waya ziwe safi sana la sivyo ngazi inaharibika.

dada_uyole
Nimechelewa lakini naomba niongee kama mtu wa viwandani. Grafini inakupa ohm 12,906.4, ile ngazi ya kugawanya kwa mbili ndo wanayoitumia. Fundi wa Mufindi anataka ohm 100. Katikati kuna daraja la kulinganisha mikondo, koili mbili zenye mizunguko tofauti, kwa mfano 2065 upande mmoja na 16 upande wa pili. Gawanya uone, unapata 129.0625, na 12,906.4 ukigawa kwa 100 ni 129.064, kile kitofauti kilichobaki ndo wanakipima. Hapo risista ya ohm 100 inapata thamani yake, nayo inapima nyingine, mpaka inafika kwenye cheti cha mita. Kwahiyo kaka yangu wewe uko mwisho wa mnyororo huo, tafuta risista moja nzuri ya ohm 100 yenye nukta nne za kuungia waya, ulizia maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya Shirika la Viwango, TBS, Dar, ipate cheti, iweke kwenye sanduku isiguswe hovyo. Hilo ndo jiwe lako.

Ila kabla ya yote, niambie sensa yako imeungwa kwa waya ngapi na kutoka drayeri mpaka paneli ni mita ngapi?

fundi_mafinga
Waya mbili dada, umbali kama mita 40, kopa (shaba) ya milimita za mraba 1.5.

dada_uyole
Basi tatizo lako kubwa liko hapo. Kopa ya 1.5 kwa mita 40 kwenda na 40 kurudi ni kama ohm 0.92. Hiyo paneli inaihesabu kama sehemu ya sensa, yaani inakuongezea digrii kama 2.4 ambazo hazipo, na mchana waya ukipata joto kuliko usiku inasogea tena. Hata ungeletewa grafini kiwandani hapo isingekusaidia. Vuta kebo ya nyaya nne, mbili zipeleke mkondo na mbili zisome volti, waya wa kusoma haubebi mkondo wa maana kwahiyo ukinzani wake hauingii kwenye jibu. Hata hiyo grafini yenyewe inasomwa hivyohivyo. Angalia kwanza kama transmita yako, kile kifaa kinachosoma sensa na kupeleka jibu, inapokea nyaya nne, ikiwa inapokea tatu tu nayo ni nafuu kubwa mradi nyaya zote ziwe sawa.

Ukimaliza fanya kipimo cha barafu. Barafu ya maji safi iponde, jaza chupa ya chai, ongeza maji kidogo mpaka iwe uji mzito, zamisha sensa, subiri itulie. Pt100 ya daraja A lazima isome kati ya ohm 99.94 na 100.06. Usitumie maji yanayochemka kuhakiki digrii 100 maana huko kwenu juu yanachemka kwenye digrii 93 au 94 hivi.

fundi_mafinga
Kweli kabisa dada, chai yetu huku tunaijua inavyochemka. Nimeangalia transmita, ina nafasi nne na mbili zimeachwa wazi tangu ilipofungwa. Jumapili kiwanda kinasimama, navuta kebo, na kijana wa field namwachia kazi ya barafu. Nitaleta namba hapa.

mnyalu_kihesa
Leta na za kabla ya kubadilisha waya, drayeri ikiwa kwenye joto lilelile, tuone kama zile digrii 2.4 zinaondoka kweli.