Naomba ushauri: nataka kuacha kazi ya ghala, lakini bima ya mtoto wangu imefungwa kwenye kazi hiyo

MwanaTanga wa Ohio

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio, pamoja na mke wangu na watoto wetu 3. Kwa miaka 6 nimefanya kazi katika ghala la kampuni moja kubwa, na mwaka jana nilipata leseni ya kuendesha malori makubwa. Rafiki yangu anayestaafu ananiuzia lori lake kwa bei ya kindugu, na wateja wa kuanzia nao nimewapata. Kinachonizuia ni mwanangu wa kati, mwenye umri wa miaka 9, ambaye ana kisukari cha aina ya kwanza. Insulini yake, vipimo vyake na miadi yake kwa daktari vyote hulipiwa na bima ninayoipata kazini.

Kila mwezi hukatwa dola 430 kwenye mshahara kwa ajili ya bima hiyo. Mwenzangu mmoja alipoacha kazi mwezi Machi, alipokea barua iliyomweleza kwamba anaweza kuendelea na bima ileile kwa dola 2,190 kwa mwezi, na sote tuliisoma tukadhani mchapaji amekosea. Naomba kueleweshwa kwa nini nchi tajiri kiasi hiki iliifunga afya ya mtu kwenye ajira yake, na kama mzazi wa mtoto wa namna hii anaweza kujiajiri bila kumhatarisha mwanawe. Sasa ni Septemba, na rafiki yangu anasubiri jibu.

Mama wa Minneapolis

Mdogo wangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwezi Aprili 2020, ukosefu wa ajira ulipofikia asilimia 14.7 katika nchi hii, mume wangu alikuwa miongoni mwa walioachishwa kazi, na barua ya kusitishwa kwa bima ilitufikia kabla ya mshahara wake wa mwisho. Wakati watu wote wanahofia ugonjwa, ndipo tulipokosa bima. Sisi hatukuwa na mtoto mwenye kisukari, na bado sikupata usingizi. Wewe unaye. Lori litapatikana jingine.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu MwanaTanga, swali lako la kwanza lina jibu refu, nami nitalijibu kwa kuwa linasaidia kuielewa barua ya mwenzako. Hakuna bunge lililowahi kukaa likaamua kwamba matibabu ya Mmarekani yawe mikononi mwa mwajiri wake. Mfumo huu uliota kipande baada ya kipande, na kila kipande kilikuwa na sababu iliyoeleweka kwa wakati wake.

Mwaka 1929 Justin Ford Kimball, aliyewahi kuwa msimamizi wa shule za Dallas kabla ya kukabidhiwa idara za tiba za Chuo Kikuu cha Baylor, alipitia daftari la madeni ya hospitali akakuta humo walimu wengi. Akawapa mpango kwamba kila mwalimu achange senti 50 kwa mwezi, na akiugua alazwe hadi siku 21 bila kudaiwa. Mpango huo ndio uliozaa Blue Cross, mtandao wa mipango ya bima ya hospitali. Tazama aliowachagua kuwa wateja: ni kundi lililokwisha kukusanywa na kazi, na wengi wao walikuwa wazima. Bima hufilisika ikiwa watu wanajiunga siku wanayoanza kuumwa, na kundi la waajiriwa hupunguza hatari hiyo, maana ni nadra mtu kuomba kazi ya ualimu ili atibiwe.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ya Oktoba 1942 iliipa serikali mamlaka ya kuzuia mishahara isipande, ilhali viwanda vilikuwa na upungufu mkubwa wa watu kwa sababu vijana walikuwa vitani. Mwajiri aliyekatazwa kuongeza mshahara alitafuta njia ya kando, nayo ilikuwa bima, ambayo bodi iliyosimamia mishahara ya wakati wa vita ilikubali isihesabiwe kuwa mshahara ilimradi isizidi kiwango fulani. Mwaka 1943 mamlaka ya kodi ikatamka kwamba mchango wa mwajiri katika bima ya kundi hautozwi kodi ya mapato, na sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikaliweka jambo hilo wazi. Hapo ndipo fundo lilipokazwa, kwa sababu tangu siku hiyo dola iliyolipwa kama bima ilikuwa na thamani kuliko dola ileile iliyolipwa kama mshahara na kupunguzwa na kodi. Na anayetozwa kodi kwa kiwango cha juu ndiye anayefaidi zaidi, kwa hiyo meneja hupata nafuu kubwa kuliko anayemfagilia ofisi. Jambo hili hunikera kuliko yote.

Rais Harry Truman alipendekeza bima ya taifa mwezi Novemba 1945, na chama cha madaktari kikaipiga vita hadi ikafa. Walioachwa nje ya mfumo wa waajiri, yaani wazee na maskini, walisubiri hadi Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya Medicare, yaani bima ya wazee, na Medicaid, yaani bima ya maskini, akiwa na Truman kando yake.

Mchuuzi wa Hoja

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini naona amewasahau vyama vya wafanyakazi. Vita vilipokwisha, vyama hivyo vilishindwa kuipata bima ya taifa vikaamua kuidai mezani kwa mwajiri, na mkataba wa mwaka 1950 kati ya General Motors na chama cha wafanyakazi wa magari ulikuwa kielelezo kwa viwanda vingine. Mwanachama aliyekwisha kupiganiwa bima nzuri hana haraka ya kuibadilisha nchi nzima. Kwa hiyo fundo hili lilikazwa na mikono mingi, mingine ikiwa ya wafanyakazi wenyewe.

Mwalimu Mstaafu

Nakubali, na ahsante kwa kunikumbusha.

Karani wa Mafao

Nimefanya kazi miaka 11 katika ofisi za rasilimali watu, na barua kama ile nimezituma nyingi. Haina kosa lolote. Kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2024 wa KFF, shirika linalochunguza masuala ya afya, bima ya familia inayotolewa na mwajiri iligharimu wastani wa dola 25,572 kwa mwaka, na mfanyakazi alikatwa dola 6,296 tu kati ya hizo. Gawanya jumla hiyo kwa miezi 12, utapata takriban dola 2,131. Sheria ya COBRA humruhusu aliyeacha kazi kuendelea na bima ileile, kwa kawaida hadi miezi 18, lakini alipe gharama yote pamoja na asilimia 2 ya uendeshaji. Mwenzako aliletewa bei halisi ya kitu ambacho alikuwa akikitumia siku zote. Ile sehemu ya mwajiri ambayo hukuiona si sadaka yake; wachumi wengi wanakubaliana kwamba hutoka katika mshahara ambao ungelipwa, na ndiyo sababu mojawapo ya nyongeza zako kuwa ndogo mwaka hadi mwaka huku bima ikipanda.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Kadi yako ina jina la kampuni ya bima, lakini kwa mwajiri mkubwa kama wako yumkini kampuni hiyo ni karani tu, na fedha za matibabu zinatoka mfukoni mwa mwajiri. Mipango ya namna hiyo inalindwa na sheria ya mafao ya wafanyakazi ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, na haibanwi na sheria za bima za majimbo. Majimbo kadhaa yameweka ukomo wa kiasi anachotozwa mgonjwa kwa insulini, na mfanyakazi aliye kwenye mpango wa mwajiri anayejilipia mwenyewe anaweza asifaidike hata kidogo. Kwa hiyo usidhani kuwa bima ya kazini ni bora kwa kila hali. Omba maandishi ya mpango wenu uyasome.

Kuhusu hofu yako kubwa, tangu mwaka 2014, chini ya sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama mwaka 2010, bima kamili inayouzwa kwa mtu binafsi haiwezi kumkataa mwanao wala kumpandishia bei kwa sababu ya kisukari. Kabla ya hapo, katika majimbo mengi, ningekuunga mkono Mama wa Minneapolis bila kusita. Jihadhari tu na mipango ya muda mfupi inayouzwa kwa simu, kwa kuwa hiyo haibanwi na sharti hilo.

Dereva wa Dallas

Kaka, mimi niliruka mto huo mwaka 2022, nami nakueleza nilipoteleza.

Niliacha kazi mwezi Agosti. Mke wangu alikuwa amefanyiwa upasuaji mwezi Mei, kwa hiyo tulikuwa tumekwisha kulipa didaktibo yote, yaani kile kiasi ambacho familia hujilipia kabla bima haijaanza kuchangia. Kwetu ilikuwa dola 3,000. Bima mpya niliyonunua kwenye soko la serikali, yaani mahali ambapo asiye na bima ya kazini hujinunulia yake, ilianza Septemba, na hesabu ikaanzia sifuri. Januari ilipofika, mwaka mpya wa bima ukaanza, na hesabu ikarudi sifuri tena. Hakuna aliyenidhulumu kisheria. Nilichagua mwezi mbaya tu. Daktari wa mke wangu naye hakuwa katika mtandao wa bima mpya, yaani orodha ya madaktari wenye mkataba nayo, na hilo niligundua nikiwa tayari nimelipa mwezi wa kwanza.

Katika soko la bima utapewa ruzuku kulingana na makadirio ya kipato chako. Weka kipato kinachobaki baada ya mafuta, matengenezo na bima ya lori, wala usiweke yale malipo makubwa yanayoonekana kwenye hati za mizigo. Ukikadiria kidogo mno, ziada ya ruzuku utaidaiwa unapofunga hesabu za kodi. Ruzuku zenyewe hubadilika na siasa: nyongeza iliyoanza mwaka 2021 iliwekewa ukomo wa mwisho wa mwaka 2025, hivyo tumia viwango vya mwaka utakaoanzia, wala usifuate nilivyolipa mimi. Na watoto waombee kwanza mpango wa bima wa jimbo, kwa maana kiwango cha kipato kinachoruhusiwa kwa watoto kiko juu kuliko cha wazazi.

MwanaTanga wa Ohio

Nawashukuru nyote, na wewe Mama sijaupuuza usia wako. Kaka wa Dallas amenigusa penyewe, kwa sababu mwanangu alilazwa Juni na didaktibo ya mwaka huu tumekwisha kuimaliza. Nimesikia kwamba COBRA ina siku 60 za kujiamulia, na kwamba mtu anaweza kunyamaza asilipe, kisha akilipa mtoto anapougua, bima inarudi nyuma hadi siku ya kwanza. Je, ni kweli? Jambo la pili, mke wangu huhudumia wazee katika kituo chenye wafanyakazi zaidi ya 200, lakini anafanya saa 24 kwa wiki, na wamemwambia kwamba saa hizo hazimpi bima.

Karani wa Mafao

Ni kweli kwamba uamuzi wa COBRA unarudi nyuma, mradi ulipe miezi yote iliyopita. Hata hivyo, mbinu hiyo humfaa mtu mwenye afya anayevuka wiki chache, na mwanao anahitaji insulini kila siku, mfamasia hatasubiri. Ujue pia kwamba ukijiunga na COBRA kisha ukaiacha kwa hiari baada ya zile siku 60 kupita, soko la bima halitakufungulia mlango hadi msimu wa kujiandikisha unaoanza Novemba.

Jibu la tatizo lako, naona, liko kwa mkeo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa saa kamili hukabiliwa na adhabu asipowapa bima wanaofanya wastani wa saa 30 kwa wiki, pamoja na watoto wao. Ndiyo maana wengi hupangiwa saa 24 au 28, na si bahati mbaya. Asiombe saa za ziada za hapa na pale, kwani waajiri wengi hupima saa za kipindi kirefu kilichopita. Aombe kubadilishwa rasmi kuwa mfanyakazi wa saa kamili, na aombe kwa maandishi tarehe ambayo bima itaanza. Akishastahili bima, muda wa kusubiri hauruhusiwi kuzidi siku 90.

Angalia mambo mawili hapo. Sheria haimlazimishi mwajiri kumpa bima mume wa mfanyakazi, kwa hiyo huenda wewe peke yako ukahitaji kununua sokoni. Na ikitokea wewe umeacha kazi kwanza, mkeo ana siku 30 tu za kuwaingiza kwenye bima ya kazini kwake, ilhali soko la serikali hutoa siku 60. Nimewaona watu walioichanganya tarehe hiyo, na sikuwa na la kuwasaidia.

Mama wa Minneapolis

Nimesoma yote. Ikiwa mkeo atapata hizo saa, na bima ikawa mkononi kabla hujaacha, naondoa pingamizi langu. Kabla sijaliona hilo, siliondoi.

MwanaTanga wa Ohio

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki 3. Ofisi ya rasilimali watu imenijibu kwamba bima yangu itaendelea hadi siku ya mwisho ya mwezi nitakaoacha kazi. Mke wangu amepewa nafasi ya saa 36 za usiku kuanzia Oktoba 6, na barua yake inasema bima yake na ya watoto itaanza Januari 1, siku ambayo didaktibo ingerudi sifuri hata nisipoondoka. Daktari wa mtoto yumo katika mtandao wao. Tumempigia simu karani wa kliniki mara 2 kuhakikisha. Mimi nitajinunulia bima yangu sokoni Novemba, ili nayo ianze siku hiyohiyo.

Rafiki yangu amekubali kulishikilia lori hadi mwaka mpya kwa malipo ya awali ya dola 2,000. Barua ya kuacha kazi nimeiandika, ila nafasi ya tarehe nimeiacha wazi hadi kadi mpya za watoto zifike kwa posta.