Mrejesho: Chungu cha babu sasa kina msitu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama chungu cha bonsai (miti inayokuzwa chunguni ibaki midogo) nilichorithi kwa babu, kile kipana chenye kina cha vidole vitatu na ufa ukingoni, kinaweza kubeba mireteni saba (miti ya juniper), iwe kama msitu mdogo. Kimebeba. Ufa nimeuacha, haufiki chini.

Aliyenionya nisiioshe mizizi hadi ibaki mitupu, asante sana. Nilipunguza kama theluthi tu, udongo wa zamani nikaubakiza karibu na shina. Kasheshe ilikuwa kuisimamisha miti, maana chungu kifupi hakina cha kuishikilia. Nikapitisha waya kwenye matundu ya chini, nikafunga fito mbili za mwanzi juu ya wavu unaofunika matundu hayo, kisha kila mti nikaufunga kwenye fito. Changarawe nikaisukumiza kwa kijiti katikati ya mizizi mpaka mapengo yakaisha.

Mti mrefu niliuweka katikati kabisa, ikawa kama gwaride! Nikafungua, nikausogeza pembeni kidogo, ile myembamba nikaipeleka nyuma.

Sasa ni wiki ya sita, bado kipo kivulini. Mmoja umekauka ncha, rangi ya kutu, ila sijaukatia tamaa. Mingine sita imechipua. Mbolea sijagusa.